Somo la Siku za Mbalamwezi

Wasikilizaji wangu wapenzi, mlioketi barazani Ujiji mkisubiri kahawa ipoe, mlioko Mwanga sokoni, mlioko Kigoma bandarini, na nyinyi majirani zangu wa hapa Ilagala, ambako mto Malagarasi, baada ya kuizunguka nchi kwa safari ndefu kana kwamba haujui uendako, huingia Ziwa Tanganyika kwa upole wa mgeni aliyefika usiku: nawasalimu kwa salamu zenu zote, za msikitini na za kanisani, na nawaomba mnitegee sikio kwa muda mfupi, kwa kuwa jambo nililo nalo leo ni zito kidogo na halisemeki kwa haraka.

Kila mtu wa mwambao huu anajua kwamba sisi tuna kalenda mbili. Iko ile ya ukutani, yenye tarehe na sikukuu, na iko ile ya angani, ambayo ndiyo hasa inayoamuru lini mtu ale na lini afunge mkanda. Katika siku za giza mitumbwi hushuka majini jioni, na taa, za karabai zamani na za sola siku hizi, huwashwa katikati ya ziwa hata mtu akisimama ufukoni hudhani ameona mji mwingine umejengwa juu ya maji. Dagaa huifuata nuru ile, wavu huwazunguka, na alfajiri mwalo mzima huwa mweupe kwa fedha ya samaki. Lakini mwezi ukipevuka, nuru yake ikatanda juu ya maji yote kwa usawa, dagaa hawaoni tena sababu ya kuifuata taa ya mvuvi, na basi mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu hutundikwa, na wanaume waliokesha usiku baada ya usiku hurudi nchi kavu wakiwa na fedha mfukoni na mikono isiyo na kazi. Hapo ziwa hulala na vilabu huamka.

Na watoto wetu wako hapo hapo. Aghalabu mtoto wa mwaloni huanza kujipatia senti zake mapema, kwa kubeba matenga, kwa kuanika dagaa mchangani na kwenye vichanja, kwa kuosha mtumbwi wa mtu mzima. Na katika siku za mbalamwezi mtoto huyo huyo ndiye anayetumwa kilabuni na chupa tupu, akaambiwa airudishe imejaa. Yamkini anazijua bei za vipimo vya gongo kabla hajalimaliza jedwali la kuzidisha. Siku moja, katika kurudi kwake, mjomba au baharia mwenzake wa mtumbwi, kwa mapenzi tu wala si kwa uadui, humwambia: “Onja kidogo uondoe baridi, hufi.” Huo ndio mlango ambao ulevi huingilia katika nchi yetu; hauna pembe wala kutu, na anayeufungua ni ndugu.

Nimeuanza usemi wangu na mlango huo kwa sababu elimu tunayowapa vijana shuleni kuhusu pombe na dawa za kulevya, ambayo ndiyo maudhui ya mazungumzo yangu leo, kwa miaka mingi imekuwa ikilinda milango mingine yote ikauacha huo. Kabla sijamnyoshea mtu kidole, ni insafu niungame kosa langu mwenyewe, maana mimi nilikuwa mwalimu, na kosa hilo nililitenda nikiwa na chaki mkononi.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu, katika shule moja ya ukanda huu, tulipokuwa tukijiandaa kwa Juni 26, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliichagua mwaka 1987 iwe ya dunia nzima kukumbushana madhara ya dawa za kulevya. Nilitundika ubaoni picha kubwa ya fuvu la kichwa, nikaandika chini yake kwa herufi nene kwamba dawa za kulevya huua, kisha nikalihutubia Darasa la Tano kwa sauti ambayo leo ninapoikumbuka naona haya. Nilisema kwamba avutaye bangi mara moja huwa mwendawazimu. Nilisema kwamba gongo ni sumu, na kwamba mpika gongo hana tofauti na muuaji. Mtoto mmoja wa kiume, aliyekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, akanyosha mkono. “Mwalimu,” akauliza, bila ya ujeuri hata kidogo, “kama mpika gongo ni muuaji, mbona daftari hili mama kaninunulia kwa fedha ya gongo?” Darasa likacheka. Nikamwambia akae, akakaa. Siku mbili hakuja shuleni. Ya tatu akaja, na daftari jipya lililofunikwa gazeti kwa ustadi, na tangu siku ile hata akamaliza Darasa la Saba hakuniuliza swali jingine lolote. Nami nilidhani ni adabu.

Baadaye nilipita kwao. Nyuma ya nyumba, penye migomba, palikuwa na pipa juu ya mafiga matatu, na kutoka katika kifuniko chake kilichozibwa kwa udongo ulichomoza mrija mwembamba uliopita ndani ya chombo cha maji baridi, ukaishia mdomoni mwa chupa; tone likadondoka, likafuata jingine, kwa mwendo wa saa ya ukutani. Mama yule alimimina kidogo katika kifuniko cha soda, akawasha kibiriti, na mwali wa buluu ukapanda, maana hivyo ndivyo wanunuzi wake wanavyotaka kuhakikishiwa. Alipogeuka akaniona hakukimbia wala hakuficha kitu. “Karibu, Mwalimu,” akasema. “Hapa sina cha kukukaribisha ila kiti.” Tukaongea habari za muhogo, habari za mvua, na mwisho habari za mtoto. Michango ya shule, akaniambia, ilifutwa mwaka 2016, naye anaishukuru serikali. Lakini sare haikufutwa, wala daftari, wala kiatu, na muhogo wake, hata ujae ghala, hapana duka linaloupokea badala ya kiatu.

Sikumwona kuwa muuaji. Wala sikuona kuwa anachokipika ni maziwa. Niliona kwamba mimi, kwa fuvu langu lile la ubaoni, nilikuwa nimemtaka mtoto wa miaka 11 achague baina ya mwalimu wake na mama yake, na kwamba mtoto mwenye akili timamu na moyo wa shukrani hawezi kuchagua vingine ila kama alivyochagua.

Wako watakaosema: haya ni mambo ya sheria, na polisi wapo. Sheria naziheshimu, na sitaki mtu anidhanie vingine. Walakini historia ya ziwa hili yatufundisha kiasi cha nguvu zake. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari mwaka 1858, Burton, ambaye alikuwa mtu wa ulimi mkali na jicho la dharau, na sharti tumsome kwa hadhari, aliandika kwamba watu wa hapa walikunywa tembo la michikichi kupita kiasi na kuvuta bangi hata ndani ya mitumbwi. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakafanya mkataba wa kuzuia pombe kali ya biashara katika sehemu yote ya Afrika iliyo baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na Ilagala ilikuwa ndani ya mstari huo bila ya habari yake. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, sharti mojawapo lilikuwa kudhibiti vikali biashara ya pombe kali. Mwaka 1966 Bunge la nchi iliyokwisha kuwa huru likaitungia moshi, ambalo ndilo jina la gongo katika vitabu vya sheria, sheria yake yenyewe ya leseni. Mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ikakataza kumuuzia mtoto pombe, sigara au kileo chochote. Mwaka 2015 ikatungwa sheria iliyozaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na tarehe 1 Machi 2017 viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya peremende, vikapigwa marufuku kote nchini. Na mtu yeyote aliyewaona wanafunzi wakivificha katika soksi zao atakubaliana nami kwamba marufuku ile ilikuwa ya heri.

Basi tangu Brussels hata viroba ni miaka 127 ya makatazo, na pipa la mama yule bado linadondoka. Kisa ni kwamba sheria hulinda bidhaa, huzuia mzigo bandarini na chupa dukani, na hilo ni jukumu lake. Lakini wakati mjomba anapomwambia mpwa wake “onja,” saa mbili usiku, penye mwanga wa mwezi na kelele za muziki, hapana askari baina yao. Kilichopo ni kile tu ambacho mtoto amekibeba kichwani. Na kukitia humo ni kazi ya mzazi na ya mwalimu.

Je, tumetia nini humo? Kwa maoni yangu tumetenda makosa matatu, na nitayataja moja baada ya moja kama mtu anayechambua mchele.

Kosa la kwanza ni kutia chumvi. Mwalimu humwambia mtoto kwamba pumzi moja ya bangi humrusha mtu akili. Mtoto akitoka shuleni humkuta jirani yake, anayevuta kila jioni, akishona wavu kwa vidole visivyotetemeka na kumpa salamu nzuri. Tangu hapo mtoto hujua kwamba mwalimu amesema uongo, na kwa kuwa hana mizani ya kupimia, hulitupa neno zima: hulitupa la uongo pamoja na la kweli lililokuwa ndani yake, yaani kwamba ubongo wa binadamu, hususa sehemu inayotumika kupima mambo na kujizuia, haukomai hata mtu akaribie miaka 25, kwamba bangi katika umri wa kukua hudhoofisha kumbukumbu na bidii ya masomo, na kwamba kwa baadhi ya watu, ambao hawajulikani kwa kuwatazama usoni, huweza kweli kuamsha maradhi ya akili. Hayo yalitosha kabisa. Ukweli ulikuwa na uzito wake, sisi tukauongezea mawe, mzigo ukaanguka.

Wamarekani wamekwisha kuipita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1983, katika mji wa Los Angeles, ulianzishwa mpango ulioitwa D.A.R.E., ambamo askari polisi wenye sare waliingia madarasani kuwaonya watoto, na mpango huo ukapendwa mno na wazazi, ukaenea katika sehemu kubwa ya shule za nchi ile. Wataalamu walipokuja kuwapima katika miaka ya 1990 vijana waliofundishwa na wasiofundishwa, hawakuona baina yao tofauti yenye kudumu, na mwaka 2009 wenye mpango wakalazimika kuuchukua mtaala mwingine. Kadhalika Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa viwango vya kinga uliotolewa mwaka 2013 na kurudiwa mwaka 2018 kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, ulieleza kwamba kutisha peke yake hakufai kitu, wala kuhubiri habari peke yake, na hata ile desturi tunayoipenda sana ya kumleta mtu aliyeacha madawa atoe ushuhuda mbele ya watoto haina tija iliyothibitika. Nami niliposoma hayo nikayakumbuka macho ya wanafunzi siku moja ya ushuhuda kama huo: mbele yao alisimama kijana nadhifu, mwenye kipaza sauti na maneno matamu, aliyetumia kila kitu akapona, na wote walimwangalia kama wanavyomwangalia mwimbaji. Funzo walilolichukua pengine lilikuwa kwamba mtu aweza kwenda huko na kurudi.

Kosa la pili ni kufundisha yaliyo mbali na kuyanyamazia yaliyo karibu. Heroini ni balaa la kweli, na waliofungua kliniki ya methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011, ili waraibu wa Dar es Salaam wapate dawa na uangalizi badala ya laana, walifanya jambo la utu ambalo nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijathubutu kulifanya. Lakini mtoto wa Ilagala aliyekariri majina ya unga wa pwani na hajawahi kuuona kwa macho, hatujamweleza chochote juu ya kile kinachodondoka nyuma ya nyumba yao. Laiti ningeambiwa leo nirudi darasani, ningeanza na pipa lile. Katika somo la sayansi ningewauliza watoto kwa nini tone hutoka kabla maji hayajatokota, nao wangejifunza kwamba kileo huchemka penye nyuzi 78 na maji penye 100, na kwamba yuko ndugu yake kileo aitwaye methanoli, anayechemka penye nyuzi 65 hivi, ambaye kwa jicho na kwa harufu hatambulikani kwa urahisi, na ambaye wafanyabiashara wasio na Mungu huwachanganyia watu katika pombe ili iwe kali. Ningewasimulia jinsi pombe ya namna hiyo ilivyowaua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Nairobi mwaka 2000, na wengine wengi wakapofuka. Na jinsi waragi iliyotiwa methanoli ilivyoua makumi ya watu upande wa Kabale, nchini Uganda, mwaka 2010. Hapo ule mwali wa buluu wangeujua maana yake: unathibitisha kwamba kinachowaka kipo, hauthibitishi kwamba ni salama, maana methanoli nayo huwaka buluu.

Katika jiografia ningewakumbusha kwamba ziwa tulilo nalo lina kina kinachofikia mita 1,470, na kwamba upepo wake haumpi mlevi nafasi ya kutubu. Katika hisabati ningewaacha wahesabu wenyewe, kwa bei wanazozijua kuliko mimi, vipimo vinavyonywewa na mtu mmoja katika siku za mbalamwezi za mwaka mzima, kisha wagawanye kwa bei ya wavu, au ya bati, au ya miche ya michikichi. Nina hakika darasa lingekuwa kimya zaidi kuliko lilivyokuwa mbele ya fuvu langu, na kimya hicho kingekuwa cha mtu anayefikiri.

Kosa la tatu ni kumwagiza mtoto akatae, na kutomfundisha namna ya kukataa. Huko Marekani ilikuwapo katika miaka ya 1980 kampeni ya mke wa Rais, Nancy Reagan, iliyowaagiza watoto waseme tu hapana. Agizo hilo, hata huko lilikotoka, lilikuwa jepesi kulitamka kuliko kulitenda. Hapa kwetu lina mushkeli wa ziada, maana mtoto aliyelelewa vyema hamwambii mjomba wake “hapana” akageuka akaenda zake. Amefundishwa kuamkia, kupokea kwa mikono miwili, kutorudisha mkono mtupu kwa mkubwa. Pombe inampitia katika njia ya heshima zile zile tulizompa sisi. Kwa hiyo sharti tumpe kukataa kunakokaa pamoja na adabu, nako kupo katika lugha yetu tangu zamani, ila hatujakutia katika mtaala.

Mwalimu mmoja kijana wa upande huu, ambaye hakupenda nimtaje, alinialika nitazame anavyofanya. Aliwasimamisha watoto wawili mbele ya wenzao, mmoja akawa mjomba, amevaa kofia ya babu yake hata ikamfunika masikio, na mwingine akawa mpwa aliyetumwa dukani. Mjomba akasema: “Njoo hapa, mwanamume. Piga moja.” Mpwa akajibu: “Shikamoo mjomba. Nimetumwa, acha niwahi.” Darasa likasema haitoshi, mjomba hakubali. Mjomba akazidi: “Kwani wewe mtoto wa mama? Onja tu.” Mpwa akafikiri, akasema: “Mjomba, nikinuka baba atajua ni wewe, na sitaki akugombeze kwa ajili yangu.” Watoto wakapiga makofi, na mimi mzee nikaduwaa, kwa kuwa katika maneno yale kijana alikuwa amekataa, ameheshimu, na amemlinda mjomba wake, vyote kwa pumzi moja. Wakabadilishana, wakafanya tena, wawili wawili, hata kila mmoja akawa na jibu lake mwenyewe mdomoni. Nchi hii iliyojifunza kutoka kwa mshairi Mathias Mnyampala kuzifanya ngonjera kuwa darasa haina udhuru wa kukosa kuwafundisha watoto wake majibizano ya namna hiyo. Ulimi uliokwisha kulizoea neno hulipata wakati wa haja. Ulimi usiolizoea husema “asante,” na mkono hupokea.

Lakini hata tukiyarekebisha makosa yote matatu, itakuwa tumemtengeneza mtoto tukauacha usiku kama ulivyo. Iko nchi ya Isilandi, kisiwa cha baridi kilichoko kaskazini mno, ambako mwaka 1998 katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, vijana 42 walikiri kwamba walilewa katika mwezi uliopita. Ilipofika mwaka 2016 walibaki 5. Hawakupata matokeo hayo kwa somo la darasani peke yake. Wazazi walifanya ahadi baina yao wenyewe juu ya saa ya mtoto kuwa nyumbani, wakatoka usiku kwa zamu kuzipitia njia; miji ikawalipia vijana gharama za michezo na muziki; na kila mwaka vijana waliulizwa hali zao, na majibu yakarudishwa kwa wazazi na walimu wa mji wenyewe ili wajue penye tundu. Sisi si matajiri kama wao, wala sisemi tuige kila kitu. Nasema tu kwamba waliujua wakati wa hatari yao wakaujaza.

Na wakati wetu wa hatari tunaujua kuliko wao, maana umeandikwa angani. Kwa nini mechi za mpira za watoto, na kwaya, na maulidi, na kasida, na mashindano ya ngonjera, zisipangwe hasa katika wiki ya mwezi mpevu, ambapo baba yupo nyumbani na uwanja una taa ya Mwenyezi Mungu isiyolipiwa? Kwa nini viongozi wa mwalo, ambao wanajua kila mtumbwi na mwenyewe, wasikubaliane kwamba katika siku hizo mtoto hatumwi kilabuni, na kwamba mkubwa anayemtuma aulizwe na wakubwa wenzake? Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ziwa lilifungwa ili samaki wapate kuzaliana, na wavuvi walikaa nchi kavu muda wote huo. Ilikuwa, kwa namna ya kusema, mbalamwezi ya miezi mitatu. Inafaa shule na wazee waijue tarehe ya namna hiyo mapema kama vile mvuvi anavyoijua.

Wanazuoni wetu wa Ujiji hufundisha kwamba sheria ya dini imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali, na mapadri na wachungaji wetu nao hufundisha kwamba mwili ni hekalu. Naona wote hao wangefaa kuitwa shuleni, si kulaani, ila kumwambia mtoto kwamba akili aliyo nayo ni amana, na kwamba amana hailindwi kwa kutishwa bali kwa kuijua thamani yake.

Na mama yule? Sheria inamkataza, na siwezi kumhalalishia. Hata akimfuata jirani yake akapanda mchikichi, huo huchukua miaka kadhaa kabla haujazaa, na miguu ya mtoto haingojei mchikichi. Anayemtaka aliache pipa na amwendee na njia ya mikopo, au ya kukamua mawese kwa ushirika, au ya kutengeneza sabuni. Mwalimu, kwa upande wake, asimsimange mbele ya mwanawe.

Nimebakiwa na deni la jibu, nalo nalilipa leo hewani, kwa mtu mzima ambaye pengine ananisikiliza akiwa mtumbwini. Mwanangu, swali lako lilikuwa la haki, na mimi nilikukalisha chini kwa sababu sikuwa na jibu. Mama yako ni mtu mwema, na anachokipika kina madhara, na mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja; ukubwa ni kuweza kuyabeba yote mawili bila ya kulitupa moja. Daftari lile lilinunuliwa ili wewe usihitaji kusimama karibu na pipa lile. Hivyo ndivyo ningesema, kisha ningekuachia uulize jingine.

Leo mwezi umekwisha kuanza kupungua. Baada ya siku chache giza litarudi, mitumbwi itashuka, na mji wetu wa pili utawashwa tena juu ya maji. Walimu wenzangu, wazazi wenzangu, hizo ndizo siku tulizo nazo: somo sharti liwe limekwisha kusomwa, na majibu yawe yamekaa midomoni mwa watoto, kabla mwezi haujapevuka tena. Kwaherini, na Mungu awalinde walioko majini.